Matanga ya Jicho la Mzee Rabson

Faustina Kalinga alikuwa na kanuni moja ambayo hakuwahi kuivunja tangu siku alipovaa koti jeupe: hakupokea kitu kutoka kwa mgonjwa. Si kuku, si mayai, si mkungu wa ndizi, hata soda. Mgonjwa akija na mfuko wa maharage siku ya kufunguliwa bandeji, Faustina aliupokea kwa mikono miwili ili asimwaibishe mbele za watu, akamshukuru, kisha akamrudishia kwa mikono ileile. Wengi walinuna. Katika nyanda hizi mtu aliyerudishiwa shukrani yake huona ametukanwa, na Faustina alilijua hilo, kwa sababu alizaliwa na kukulia Kilolo, mkoani Iringa, ambako hata mpita njia aliyeuliza tu maelekezo hufungiwa viazi vya kula mbele ya safari.

Kanuni hiyo ilikuwa na chanzo. Alipokuwa mtoto, mhudumu wa zahanati ya kijijini kwao alikuwa akiwaita kwanza wale waliokuja na kitu mkononi. Bibi yake Faustina alikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka zahanati inafungwa, jicho likimchuruzika, kwa sababu hakuwa amebeba chochote. Bibi hakulalamika. Mjukuu ndiye aliyelalamika, kimoyomoyo, na lalamiko hilo likakua pamoja naye.

Ni kanuni njema, na hospitali zetu zingepumua kama watumishi wote wangeishika. Lakini Faustina aliipanua kuliko ilivyohitajika. Alipolazwa kwa homa ya mapafu, wenzake wa kitengo cha macho walichangishana. Aliwarudishia mchango na barua fupi ya shukrani. Alipofiwa na baba yake, aliwaambia wasihangaike kwenda Kilolo, ni mbali. Kutoa, alitoa. Mgonjwa akikosa pesa ya dawa ya matone, Faustina alimnunulia kutoka mfukoni mwake na hakumwambia mtu. Kupokea ndiko kulikomshinda, na hakuna aliyethubutu kumweleza, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa kitengo.

Aliyeujua vizuri ukali huo ni Ikupa, muuguzi wa macho kutoka Tukuyu, mwanamke mcheshi mwenye sauti ya kufika mbali. Ikupa aliwahi kupokea kuku kwa mama mmoja aliyepona. Faustina alimpa onyo la maandishi, akaagiza kuku arudishwe kwa mwenyewe, mtaa wa Mwanjelwa, siku hiyohiyo. Ikupa alikuwa akisimulia kisa hicho chumba cha chai. Nauli waliyompa, alisema, ilimtosha mmoja tu, kwa hiyo kuku alipanda bajaji na yeye akatembea.

Hospitali yao ni ya kanisa, mjini Mbeya. Faustina hakuwa daktari bingwa. Alisomea utabibu, kisha akasomea upasuaji wa mtoto wa jicho, na kwa miaka mingi ndiye aliyezunguka wilaya za jirani na sanduku la vyombo na darubini yake, akiwafungulia macho watu ambao wasingefika mjini. Watu walimwita daktari, na aliitika.

Kambi ya upasuaji iliyobadilisha maisha yake ilifanyika Igawa, wilayani Mbarali. Huko ndiko alikokutana na mzee Rabson, mkulima wa mpunga, ambaye ukungu ulikuwa umemfunika macho yote mawili hata akawa anapima maji ya majaruba yake kwa kuingiza mguu. Faustina alimfanyia upasuaji jicho la kushoto, la kulia likasubiri zamu yake, kama ilivyo desturi ya kazi hiyo. Kesho yake bandeji ilipofunguliwa, mzee Rabson alimtazama mkewe kwa muda, akamwambia, kumbe umezeeka hivi. Kambi nzima ilicheka, mkewe akiwa wa kwanza.

Haikupita wiki, mzee akaletwa Mbeya na jicho jekundu linalotoa usaha, akiwa ameuma meno kwa maumivu. Faustina hakutoka pembeni ya kitanda. Alimshika kichwa wakati bingwa akimchoma sindano za dawa ndani ya jicho, akamwekea matone usiku na mchana, akampigia simu kila mtu aliyejua zaidi yake. Uambukizo ulishinda. Jicho likatolewa ili kumwokoa mwenye jicho.

Hospitali iliunda kamati. Kamati ilikagua vyombo, dawa, maji, unawaji wa mikono wa kila mtu, na haikuona kosa. Jambo hili hutokea mara chache hata pale kila kitu kilipofanywa sawasawa, walisema, na walisema kweli. Faustina aliwasikiliza, akatia sahihi, akatoka. Kamati haikuona kosa, lakini yeye aliliona kila alipofumba macho.

Alipoingia tena chumba cha upasuaji, akainamia darubini, mkono ulianza kutetemeka. Aliweka kisu chini, akamwomba radhi mgonjwa aliyekuwa amelala pale, akavua glovu. Siku hiyo alimweleza mganga mfawidhi, msimamizi wa hospitali, kwamba anaacha kazi, anarudi Kilolo kulima viazi na njegere. Mganga mfawidhi alikataa, akampa likizo bila malipo, akamwambia akatafakari. Wagonjwa waliokuwa kwenye foleni wakaambiwa wasubiri. Mmoja wao alikuwa mzee Rabson, na jicho lake la kulia.

Nyumba ya Faustina iko Uyole, pembezoni mwa jiji. Mumewe, Jailos, ni dereva wa malori yanayokwenda Zambia, na wakati huo alikuwa amekwama kwenye foleni ya mpakani Tunduma. Binti yao Gloria alikuwa shule ya bweni Iringa. Faustina alijifungia ndani peke yake. Mumewe akipiga simu alimwambia yuko salama. Akiba haikuwepo, maana ilikuwa imekwishia kwenye matone ya macho ya watu. Unga ulipokwisha alikula viazi, viazi vilipokwisha akanywa chai ya rangi. Ikupa alipokuja kumjulia hali alijibiwa dirishani: niko sawa, rudi kazini.

Ikupa alirudi kazini. Jumamosi akaja tena, safari hii na wenzake wote wa kitengo waliokuwa mapumzikoni, kila mmoja na khanga kiunoni na mkeka kwapani.

"Mama Gloria, fungua. Tumekuja kukaa."

"Kukaa kufanya nini?"

"Kukaa tu."

Faustina alifungua akiwa na nia ya kuwafukuza. Walimpita mlangoni, wakatoa makochi na meza nje, wakatandika mikeka sebuleni kama inavyofanywa nyumba ikipata msiba, wakakaa chini, miguu wameinyoosha. Hakuna aliyetoa mawaidha. Alipouliza kwa ukali ni mchezo gani huo, Ikupa alimjibu bila kupandisha sauti.

"Umepoteza jicho, dada. Sisi tulikuletea maneno ya kamati tukadhani tumekusaidia. Kwetu aliyepoteza hapewi semina. Watu wanakaa naye chini."

Faustina alisimama akishika fremu ya mlango. Kisha akakaa, akaegemea bega la muuguzi aliyepewa onyo naye kwa sababu ya kuku, na kwa mara ya kwanza tangu jicho lile litolewe, alilia. Alilia kwa sauti. Ikupa, ambaye hajawahi kufanya jambo lolote kwa sauti ndogo, akalia naye.

Hapo ndipo kosa lilipotokea, na halikuwa la mtu mmoja. Majirani waliona makochi uani na kusikia kilio ndani. Walijua Jailos yuko barabarani na lori. Mwenye akili zake angeuliza, lakini kwenye msiba hakuna anayesimama mlangoni akauliza nani amekufa. Unaingia, unalia, jina utalisikia baadaye. Mama wa nyumba ya pili aliangua kilio juu ya uzio wake, na mtaa ukaelewa. Wanawake wakaja na kuni, unga na masufuria. Wanaume wakakoka moto nje, kwa kuwa baridi ya Uyole haisubiri jioni. Mjumbe wa mtaa, mzee Kasian, akaleta sinia lililofunikwa kitambaa cheupe, akaliweka karibu na mlango kwa ajili ya rambirambi, na kila aliyepita aliingiza mkono chini ya kitambaa bila kuonyesha alichoweka.

Watu wa hospitali walidhani majirani wamesikia habari za jicho, wakashangazwa na wema wao. Majirani walidhani watu wa hospitali ni ndugu wa marehemu, wakawapa pole mmoja mmoja, nao wakazipokea. Jumuiya ya Kikatoliki ikaja ikaimba. Hakuna aliyegundua kitu mpaka simu ya Faustina ilipolia.

"Mama Gloria," Jailos alisema, "madereva wenzangu wananipigia kuuliza kama ni kweli nimekufa. Nawaambia bado, lakini wengine hawaamini. Huko nyumbani kuna nini?"

Faustina alitoka nje. Aliona moto, masufuria, wanaume waliovua kofia, sinia na kitambaa chake. Watu wakanyamaza wakidhani mjane anataka kusema neno. Mtu mwingine angetafuta njia ya kupita pembeni. Faustina hakujua kupita pembeni.

"Majirani zangu, naomba radhi. Hapa hakuna aliyekufa. Jailos yuko Tunduma, mzima, nimetoka kuongea naye. Kuna mzee wa Igawa aliniamini na jicho lake, nami nikalipoteza. Jicho hilo ndilo wenzangu wamekuja kulilia pamoja nami. Nyinyi mmekuja kwa lingine. Kila mtu achukue alichokileta, na Mungu awabariki."

Kisha mama yule wa nyumba ya pili akauliza, "Kwa hiyo baba Gloria mzima?" Alipohakikishiwa, alipangusa uso kwa ncha ya khanga. "Mungu ni mwema. Lakini mimi nimeshamlilia kabisa. Siku akifa kweli asinitegemee."

Watu walicheka, wengine bado macho yamelowa. Hakuna aliyeinuka. Faustina aliligeukia sinia, akamwomba mzee Kasian alirudishe. Mzee Kasian alikuwa anaona sinia hilo vizuri kwa sababu Faustina mwenyewe ndiye aliyemtoa mtoto wa jicho, na jogoo aliyempelekea siku ile alirudishiwa.

"Daktari," alisema, "mimi ni mjumbe hapa muda mrefu. Sijapata kuona sinia la msiba likirudishwa. Nitaanzia wapi? Nimwite nani aje achukue machozi yake?"

"Wengi wenu ni wagonjwa wangu, baba. Mnajua sipokei."

"Tunajua. Umetutukana miaka yote hiyo, tumevumilia."

Hakusema kwa ukali, na labda ndiyo maana neno lile lilipenya. Mwanamke mmoja akatangaza kwamba ugali umeiva na hauwezi kurudishwa kuwa unga, watu wakanawa mikono wakala. Faustina naye alikula. Lakini moyoni aliazimia kwamba kesho angepita nyumba kwa nyumba kurudisha kila kitu, kisha angefunga mizigo ya Kilolo.

Kesho yake, baada ya ibada, kabla hajaanza mzunguko huo, mzee Rabson aliingia uani. Habari za msiba zilikuwa zimesafiri na mabasi ya barabara kuu hadi Igawa: daktari wa macho amefiwa na mumewe. Mzee alikuja akishikwa mkono na mkewe, bandeji upande wa kushoto, ukungu upande wa kulia, na mkewe kichwani amebeba mchele. Walielekezwa sebuleni, walikokuwa wamekaa Ikupa na wenzake.

"Pole sana, daktari," mzee alisema akipapasa mkono wa Faustina. "Nimesikia mwenye nyumba ametutoka. Nikasema hata kama sioni njia, nitafika."

Ikupa ndiye aliyemweleza yote, tangu mikeka mpaka simu ya Tunduma. Mzee Rabson alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Ngoja nielewe, binti. Anayeliliwa hapa ni jicho langu?"

"Ndiyo, mzee."

"Hili lililotolewa?"

"Hilohilo."

Mabega yakaanza kumtikisika mzee, na waliokuwepo wakainamisha nyuso wakijua analia. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Basi mfiwa ni mimi," alisema. "Nisogezeeni mkeka. Mnaniacha nimesimama kwenye msiba wangu?"

Wakampisha, akakaa ubavuni kwa Faustina. Kicheko kilipomwisha, alizungumza taratibu, kama anayezungumza na mtu mmoja tu.

"Jicho hili nililililia Igawa, peke yangu, mke wangu ni shahidi. Sikujua kwamba huku kuna watu wananisaidia kulia."

"Nisamehe, mzee wangu," Faustina alisema.

"Nikusamehe kosa gani? Watu walionitendea vibaya nawajua, nimeishi muda mrefu. Hakuna hata mmoja aliyekaa kunishika kichwa." Akaligusa jicho la kulia. "Limebaki moja. Nani ataliangalia?"

"Nitakupeleka kwa bingwa."

"Bingwa alinichoma sindano tu. Naye hanijui, hakulilia la kwanza. Nakutaka wewe."

"Mkono wangu unatetemeka."

"Wangu nao unatetemeka, na mpunga nimepanda. Unaogopa? Ni vizuri. Utanawa mara mbili."

Kisha akanyoosha mgongo, akapaza sauti ili hata wa nje wasikie. Alisema kwamba kwenye msiba mwenye neno ni mfiwa, na mfiwa anasema matanga yanaanuliwa leo. Mchele upikwe, makochi yarudishwe ndani, daktari arudi kazini. Akamwambia mkewe ampe Faustina ule mchele.

Mkewe aliunyoosha mfuko. Sebule nzima ilitazama mikono ya Faustina, Ikupa kuliko wote. Faustina alimfikiria yule mhudumu wa zahanati ya Kilolo. Yule alipokea kabla ya kumtazama mgonjwa, aliuza zamu. Huyu mzee alikuwa hana zamu ya kununua. Alichotaka ni kuhesabiwa kuwa mtu mwenye kitu cha kutoa, kama yeye Faustina alivyotaka kuhesabiwa maisha yake yote. Alipokea mchele kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama alivyofundishwa kwao, na hakuurudisha.

Kile kilichokuwa chini ya kitambaa cha mzee Kasian kilimlisha mpaka aliporudi kwenye mshahara, na kilimbakiza Gloria shuleni. Kitengo kiliongeza cha kwao, na safari hii hapakuwa na barua fupi ya shukrani. Alikwenda kumshika mkono kila mmoja. Asubuhi ya kwanza alipoinamia darubini, Ikupa alisimama karibu, bega lake likigusa la Faustina, wala hakusema kitu mpaka lensi ikakaa mahali pake.

Wiki chache baadaye akamlaza mzee Rabson, akamfanyia jicho la kulia, akamzuia wodini mpaka hatari ilipopita. Alimtazama asubuhi na jioni. Lilipona. Siku ya kwenda nyumbani mzee aligeukia dirisha akauliza mvua imeanza saa ngapi. Ilikuwa manyunyu mepesi yasiyo na sauti, ya kuonekana tu.

Siku hizi katika kitengo kile, mtumishi akipoteza jicho la mgonjwa, haachwi aende nyumbani peke yake. Wanatandika mkeka chumba cha chai, wanakaa naye, na kuna mchango kwa atakayehitaji kupumzika. Waliofanya kazi hiyo wanajua maana yake, maana wagonjwa waliopona husahaulika na yule mmoja hasahauliki. Faustina ndiye anayekaa wa kwanza na kuinuka wa mwisho. Watu wa Uyole anawasalimia kwa majina, na akipewa mahindi ya kuchoma njiani, anayala.

Lakini hakuwa mtu wa kuacha jambo nusu. Mwezi uleule mzee alipopona, alikwenda kwa mganga mfawidhi akamweleza kwamba amepokea vitu vya wagonjwa, kinyume cha utaratibu alioutumia kumwadhibu mwenzake. Mganga mfawidhi alimwambia hizo ni rambirambi za majirani, aachane na hayo. Faustina alisema onyo haliwezi kumkaa Ikupa likamruka yeye. Ama lifutwe, ama wote wawili wawe nalo, na kwa vyovyote asingeweza tena kusimamia wengine katika jambo aliloshindwa mwenyewe. Onyo la Ikupa likafutwa, Faustina akaachia cheo, na Ikupa ndiye mkuu wa kitengo hadi leo.

Faustina hajuti, na humshukuru Mungu kwa majirani aliopewa. Lakini gharama ilikuwepo. Yeye alipoteza cheo na posho yake, na mzee Rabson alipoteza jicho la kushoto. Hakuna kilichorudi.